Mapendo Anaongea na Bata

Kwa Yaya wangu, dada yangu mukubwa mupenzi, kule Moba,

Mbele ya yote, mugongo wako namna gani? Mama Kalunga, wakati alifika huku kutoka kwenu, aliniambia kama wakati wa mvua ulikuwa unatembea na fimbo, lakini Mama Kalunga anatiaka chumvi mu habari sawa vile anatiaka mu samaki, sijui nimuamini paka wapi. Niandikie weye mwenyewe. Na mama yetu, anakula? Anamaliza sahani, ao anamwangia kuku chakula na kudanganya kama ameshiba? Muniangalilie. Sisi huku tuko wazima. Malaria ilinishika mu mwezi ile ilipita, ikaniacha. Sasa niko na nguvu, ninaendaka ku Kashikishi kuchukua chisense, bile bisamaki bidogo sawa ndagala, na kuja kuuzisha huku mu kambi ya bakimbizi, na mihogo yetu imekomaa muzuri.

Utajiuliza juu ya nini ninakuandikia na kalamu sawa batu ya zamani, na simu iko. Simu yetu ni moja, na mutoto wangu Mapendo njo anaishikaka toka asubui. Kama ningekutumia sauti, angesikia yote, na hii habari ni yake. Njo maana nimekuja kukaa mu kanisa, saa hii hakuna mutu, kuko miye tu na mbuzi ya pasta. Mwandiko yangu unaijua, mu shule nilifika mwaka ya tatu primere tu. Soma polepole, usikasirike.

Yaya, uliniandikia kama umemupatia Mapendo bwana, yule mwenye mutumbwi ya moteri, na kama nimutume huko pamoja na Mama Kalunga akirudi. Mama Kalunga anaondoka kesho, anapitia Chienge. Donc ni leo lazima niseme ndiyo ao hapana. Nitasema. Lakini acha kwanza nikuelezee, juu nikisema tu bila kueleza utafikiri nimekudharau.

Kuko nyumba moja huku, santre ya vijana, juu ya mabati yake baliweka bile bitu ya kukamata jua. Ndani kuko ordinatere, ile huku banaita kompyuta. Banafundisha vijana kitu yenye banaita kodingi. Nilimuuliza Mapendo kodingi ni nini. Alisema ni kuandikia mashini maneno, njo mashini inafwata ile uliandika, moja kwa moja, bila kujiongezea akili. Nikasema, bon, sawa mutumishi. Akasema, "Hapana, mama. Mutumishi akiona umekosea atakuuliza. Mashini haiulizi. Inafanya bujinga yako paka mwisho."

Hapo hapo mashaka ilinishika. Ni kitu gani yenye inamufwata mutu bila kuuliza?

Tena ni bure. Weye unajua namna niko na bitu ya bure. Wakati tulifika Kenani, kambi ya kupokea bakimbizi, tumelowana, tumetoka mu mutumbwi, hata mutu mwenye alituonyesha njia ya choo alirudi kesho yake kutuomba sabuni. Sasa hawa banatoa ordinatere, banatoa mwalimu, hata chai kidogo, na hawaombi kitu. Nilisema mu roho yangu, hawaombi kitu leo.

Nilianza na mwalimu. Ni kijana mwanaume, Muzambia wa Nchelenge, banamuita Mwalimu Bwalya. Nilichukua sahani yangu ya chisense, nikakaa inje ya santre sawa mutu anauzisha, kumbe ninaangalia mu dirisha. Mapendo hakuwa peke yake, kulikuwa na basichana bengine, ile ilinituliza kidogo. Mwalimu akatoka, akainama, akanisalimia na luga yao, "Mwapoleni, bamayo." Heshima iko, siwezi kusema uongo. Kiswahili yake ni ya soko tu, anajua bei gani na ongeza kidogo. Nikamuuliza kama iko na bibi. Akacheka, akasema iko, na jina yake akanipa. Siku ingine nilipita tena na sahani yangu, nikamuuliza sawa nimesahau, nikasema, bibi yako banamuitaka nani? Akanipa jina ile ile. Basi, mwalimu nikamuacha. Simuamini, lakini nilimuacha.

Lakini mutoto alikuwa anabadirika. Siku moja anarudi macho imevimba na kilio. Siku ingine anacheka peke yake mu njia. Saa ya kukula, anashika donge ya bukari mu mukono, anaangalia mbele, donge inakauka mu bidole. Nikimuuliza, anasema paka neno moja, "Imekatala." Nini imekatala? "Mashini, mama. Imekatala tena." Nilifungua ile simu wakati alikuwa anaoga. Humo ndani ni Kingereza na alama alama, sawa njia ya miguu ya kuku mu matope. Sikuona jina ya mwanaume. Na ile pia ilinitia mashaka, juu msichana wa miaka yake kukosa hata jina moja ya mwanaume mu simu, si kitu ya kawaida.

Sasa tufike ku bata.

Tulikuwa na bata moja jike, nyeupe, nilimuleta kutoka Mofwe siku yenye nilienda kutafuta samaki kule. Saa sita ya muchana nilikuwa ninatoka ku pompi na maji yangu ku kichwa. Nikasikia Mapendo nyuma ya jiko, anasema polepole, sawa mutu anafundisha mutoto mudogo kusoma. Nikafikiri iko na mugeni. Nikazunguka. Yaya, alikuwa amekaa juu ya ndoo, bata amefungwa muguu ku kijiti mbele yake, na yeye anamuonyesha kwa kidole, anamuambia:

"Sikiliza muzuri. Unaanza ku nyumba ya kwanza. Unaangalia kama mama iko. Kama iko, unaita jina yake. Akisha kuitika, unamutosha mu hesabu. Sasa juu ya nini unarudia kumuita Mama Zawadi kila mara? Mama Zawadi alisha kuisha."

Na bata ilikuwa inamuangalia na jicho moja, haitembezi kichwa, sawa mutu anashika maneno.

Mama Zawadi ni jirani yetu, nyumba ya mbele, ile iko karibu na pompi. Wakati ile alikuwa amelala toka siku ya kwanza ya juma, muguu imevimba paka mu goti. Sasa weye unajua kwetu namna mulozi anafanyaka. Anaita batu nyumba kwa nyumba, na anatuma nyama, ndege ao nyoka, imufanyie kazi. Maji yote ilinimwangikia mu shingo.

Sikumuambia mutoto kitu. Nilienda kwanza kwa Mama Zawadi, nikaangalia ule muguu, nikamuuliza kama bata yetu inapitaka pale. Asema, "Kila siku. Inakulaka maganda yangu ya mihogo, inaniangalia mu macho, hata haiogopi." Ungefanya nini, weye? Nilienda kumuita Mama Ruta, mukubwa wa bamama ya maombi.

Alikuja na bamama babili. Balimuweka Mapendo katikati, simu yake ingali mu mukono. Baliimba, balimuwekea mikono. Mutoto alisimama tu, sawa mbuzi banayomupima ku soko. Kisha Mama Ruta akamuuliza na sauti ya juu, "Nani alikufundisha kuongea na nyama?"

Mapendo akasema, "Mwalimu."

Bamama balipiga kelele ya Yesu. Mama Ruta akaniangalia sawa mutu anasema, unasikia mwenyewe.

"Asema batu banafanyaka hivi dunia yote," Mapendo akaongeza. Yaya, kama angenyamaza ingekuwa afazali.

Njo akaeleza, na miye nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Mwalimu aliwaambia kama siku mashini inakatala na kichwa inakuwa moto, usipige mashini, usilie, usikimbie. Chukua kitu yenye haijibu, umuelezee kazi yako toka mwanzo paka mwisho, bila kuruka hata neno moja, juu mutu akiwa peke yake anaruka, anasema hapa najua, kumbe hapo njo kosa imelala. Asema ku inchi ya mbali banaweka bata ya plastiki ku meza, banamuelezea ile. Mu kalasi mumoja anaelezea kiatu yake. Mwingine anaelezea picha ya nkambo yake, mama muzaa mama. "Miye nikaona," mutoto anasema, "kama bata ya plastiki inawasaidia, miye niko na ya kweli."

Na majina? Asema anatengeneza kitu ya pompi. Unajua, ndoo huku ni vita, bamama banapigana kila asubui nani alikuwa mbele. Mapendo anataka simu iwe inaita nyumba kwa zamu, moja ikichota inatoka, ingine inaingia. Mama Zawadi ni wa kwanza juu nyumba yake njo iko karibu. Na mashini imekazana naye, inamuita, inamuita, haiendi mbele. Njo kitu yenye ilikuwa inamulizisha mutoto hizi siku zote.

Mama Ruta akainamia simu, akaiangalia. Kisha akauliza, "Na miye jina yangu imo?"

"Imo, mama. Ya mwisho. Nyumba yako iko mbali."

Yaya, ile neno ya mwisho haikumupendeza hata kidogo. Alisema batoshe jina yake mu ile kitu, na eti bata ya namna ile haiwezi kulala mu lupango, mu kiwanja ya mukristo, ni lazima aipeleke kwanza mu maombi. Akaibeba chini ya kwapa, ikaenda inalalamika. Haijarudi paka leo. Siku ya Mungu nilisikia harufu ya mafuta ikitoka ku jiko yake, na mu takataka yake kulikuwa manyoya nyeupe. Anasema ni ya kuku. Siongei kitu. Ninaangalia tu.

Ningekuambia kama mambo iliisha pale, ningekudanganya. Hali ya Mapendo ilikuwa mubaya kushinda mbele. Habari ilifika ku santre, batoto balikuwa banamupigia kelele ya bata mu njia, hata ku pompi, "Kwe kwe, mama bata." Akaacha kulia. Ile ya kuacha kulia njo ilinitisha. Anaenda, anarudi, anakaa, mashini ingali inamuita Mama Zawadi. Mama Zawadi mwenyewe muguu ilipona, alipewa dawa ku dispansere, anatembea, lakini mu ile simu hakuna mutu mwingine duniani, paka yeye.

Siku moja akaniwekea simu mu magoti. Nilikuwa ninachagua chisense, ninatosha muchanga. Asema, "Mama, nimechoka. Miye siko mutu wa hii kazi. Mutumie Mama Mukubwa neno, nitaenda Moba, niolewe tu."

Barua yako ilikuwa mu kanga yangu, hapa, ku kiuno. Njo neno yenye nilikuwa ninangojea. Ningepaswa kufurahi, sivyo? Lakini mashaka ikaniingia tena, na mara hii ilinigeukia kwa upande mwingine. Mutoto mwenye anakubali ndoa na macho sawa anapeleka ndoo ku mutu amuwekee maji, ile si kukubali. Nikaanza kumuwaza ule bwana wako. Ana moteri, ana nyumba ya matofali, ana miaka yenye uliniandikia, na hana bibi? Uliandika iko na roho nzuri. Haukuandika bibi wa kwanza alienda wapi. Na ulikuwa na haraka, Yaya. Ninakujua toka tulilala mu kitanda moja. Wakati unaficha kitu, unaandika na herufi kubwa kubwa, na ile barua yako herufi zilikuwa sawa za ku mulango ya duka. Unisamehe kama ninakukosea.

Nikamuambia Mapendo, "Kaa. Bata haiko. Nielezee miye."

"Hautaelewa, mama."

"Bata ilikuwa inaelewa?"

Akacheka kidogo, ya kwanza toka siku mingi. Asema, "Lakini usiseme kitu. Bata haikuwa inasema."

Yaya, unajua mudomo yangu. Nilikaa. Acha nikuambie kweli yenye sijamuambia yeye. Sikukaa juu ya kumusaidia. Nilikaa juu ya kusikia muzuri, nimukamate. Nilisema, kama kuko kitu mubaya imefichwa mu haya maneno, leo nitaisikia na masikio yangu. Njo maana sikuacha hata neno moja ipite.

Akaanza. "Naanza ku nyumba ya kwanza. Ni Mama Zawadi. Namuita. Anaitika, anachota. Naandika kama alisha kuchota. Kisha narudi juu, naangalia nyumba. Naangalia nyumba ya..."

Kidole ilibaki mu hewa. Nilitaka kuuliza nyumba ya nani, nikauma ulimi.

"Mama," akasema polepole, "sikumuambia mashini aende ku nyumba ya pili. Nilimuambia tu arudi. Sasa anarudi paka pale pale. Hana njia ingine."

Akanyakua simu mu magoti yangu, chisense ikamwangika, hakuona hata. Bidole yake ilikuwa inakimbia. Kisha akanigeuzia simu, na pale, chini ya Mama Zawadi, nikaona kumeandikwa Mama Mapendo. Jina yangu. Mashini iliniita. Sikupenda kuiona humo, nakuambia kweli. Lakini mutoto alikuwa anaruka ruka mu lupango peke yake, na watoto ya jirani bakacheka, na yeye hakuwasikia.

Mbele jua haijaingia, ikakatala tena. Eti ikifika ku nyumba ya mwisho haijui kwenye itaenda, inazimika tu. Nikasema sasa nitamuona analia. Alikunja uso, akatupa kandambili moja ku ukuta, kisha akakuja kukula, akaomba bukari ingine. Nikamuuliza, umepata faida gani, shida moja imeisha, ingine imekuja?

Asema, "Hii ni ingine, mama. Ile ya Mama Zawadi ilisha."

"Na kesho ikikatala?"

"Nitakuelezea." Akalamba bidole. "Weye mwaka ya kwanza huku ulianika chisense moja juu ya ingine, sawa ndagala za Moba. Zilioza zote. Bamama ya Kashikishi bakakucheka paka bakalala chini. Ulirudi Moba?"

"Kulikuwa na vita."

"Mwaka ile ingine vita ilipunguka. Haukurudi."

Nikamuambia amalize bukari. Mutoto asijue kama amenishinda.

Basi, Yaya, jibu yangu ni hapana. Mama Kalunga atasafiri bila Mapendo. Usikasirike, na umuambie ule bwana kwa heshima kama mutoto angali mu masomo, haijafika saa yake. Ukitaka kunijibu juu ya bibi wa kwanza, unijibu na herufi ndogo.

Usifikiri nimeamini. Ile santre siiamini. Ile mashini siiamini, mwalimu namuangalia, na bitu ya bure paka leo inaninyima usingizi. Lakini kila siku, nikimaliza samaki, Mapendo anakuja na simu yake, anakaa mbele yangu, ananielezea toka mwanzo. Siku ingine anapata kosa, anakimbia. Siku ingine hapati, anakasirika, ananiambia ninapumua sana, ninamusumbua. Miye nakaa. Anafikiri nakaa kwa ajili ya kazi yake. Nakaa kwa ajili ya yeye mwenyewe. Kama siku moja kitu ya hatari itaingia mu yale maneno, nitakuwa pale, nitaisikia wa kwanza, mbele ya mutu yote.

Munisalimie mama yetu, mumushikie mikono yake kwa ajili yangu. Salimia shemeji yangu, fundi wa baiskeli, umuambie ile pompa aliniazimaka niliiacha mu nyumba ya Moba, asiniulize. Salimia mutoto wa kaka yetu mwenye anapiga ngoma mu kwaya, na mama yake, mwenye alikuwa ananisukaka nywele. Usimusahau muzee wa mulango wa pili, mwenye alituchungia kuku siku tulikimbia, kama angali muzima. Mufuko ya chisense yenye Mama Kalunga anabeba ni yenu. Uihesabie mbele yake.

Ninaacha hapa. Mapendo amesimama mu mulango wa kanisa, iko na simu mu mukono, uso umekunjwa, asema kuko kitu imekatala. Nimefunika karatasi na mukono, ameona, hajauliza. Ninaenda kukaa. Nitanyamaza.

Ni miye mudogo wako, nakupenda hata kama nimekukatalia,

Mama Mapendo